Jua halioshi beseni la ndege

Hapa Dodoma, wengi wanaowawekea shomoro na njiwa beseni la maji uani huamini kwamba kusugua ni kujisumbua: jua la kiangazi litaua kila kitu, wewe ongeza maji tu. Si kweli. Maji yakikauka, kinyesi, vumbi na utelezi wa kijani hubaki palepale, na maji mapya huvikoroga upya.

Kibaya zaidi ni mbu. Aedes, yule anayeeneza dengi, hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai yake ni vidoa vyeusi ambavyo ungedhani ni uchafu tu, na huvumilia ukavu kwa miezi. Ukiongeza maji yanaanguliwa, na kwa joto letu kiluwiluwi huwa mbu ndani ya wiki moja hivi.

Kwa hiyo mwaga kila baada ya siku mbili tatu, sugua kingo kwa brashi ngumu, suuza. Sabuni si lazima. Maji machafu mpe mwembe. Kwa mgawo wa maji tulionao, kuyamwaga barabarani ni dhambi. Na mafuta ya taa ya kuulia viluwiluwi, hapana kabisa: hushika manyoya, na ndege aliyelowa mafuta haruki vizuri.