Tiba ya fikra na tabia si kumwambia mtu "usiogope"

Hapa Goma wengi, hata baadhi ya wauguzi, huamini kwamba tiba ya fikra na tabia ni maneno ya kutia moyo tu, kwa hiyo mwenye shahada ya saikolojia ameshaijua. Sivyo. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyeianzisha Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, aliwasaidia wagonjwa kupima mawazo yao wenyewe kwa ushahidi.

Chukua mama ambaye tangu volkano ya Nyiragongo, mlima ulio karibu na mji wetu, ilipuke Mei 2021 halali ndani. Lori likipita na mlango ukitikisika, anakimbilia nje. Kumwambia "usiogope" ni kumdanganya, maana mlima ule ni wa hatari kweli. Mtaalamu humsaidia kutofautisha mtikisiko wa lori na tetemeko, kisha arudi ndani kidogo kidogo: kwanza muda mfupi mchana, baadaye usiku mmoja. Wakiharakisha, hofu yaweza kuzidi. Ustadi huo haupatikani kwa semina ya siku tatu, na kujifanya unapatikana ni kuwaumiza wagonjwa.

Ndiyo maana mafunzo ya baada ya shahada hukazia usimamizi: mwanafunzi hurekodi vikao kwa ridhaa ya mgonjwa, na msimamizi huvisikiliza. Uingereza, chama cha fani hii hudai saa 200 za kutibu chini ya usimamizi.