Je, wajua kwa nini miezi mitatu humtosha pweza lakini haimtoshi chewa?

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na katika vijiji vingine kadhaa vya pwani, wavuvi hukubaliana kufunga mwamba: kwa miezi mitatu hivi hachokolewi pweza hapo. Siku ya kuufungua hutolewa pweza wakubwa hata mgeni akadhani wamezaliana. Hawajazaliana. Wengi ni walewale waliokuwamo mashimoni mwamba ulipofungwa, pamoja na wadogo walioingia baadaye. Kilichoongezeka zaidi ni uzito wa kila mmoja.

Pweza wa miamba yetu, Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu, na katika muda huo anaweza kupita kilo nne. Hula kaa na makome mchana kweupe (rundo la magamba mbele ya shimo ndilo linalomponza), na karibu nusu ya anachokula huweza kugeuka mwili wake. Tufanye hesabu ya mfano. Pweza wa gramu 500, akiongezeka asilimia 2 kwa siku, baada ya siku 30 ana gramu 900 hivi, na baada ya siku 60 amepita kilo moja na nusu. Miezi mitatu ikitimia angekaribia kilo tatu, ingawa akishakuwa mkubwa kasi hiyo hupungua. Chewa huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa hata mara moja. Kumfungia chewa miezi mitatu ni kumcheleweshea kitoweo mvuvi, basi.

Kwa hiyo kufunga mwezi mmoja tu ni hasara: mwamba hufunguliwa wakati pweza ndio kwanza wanashika kasi. Kufunga mwaka mzima nako hakuna faida kwa kapu. Wakubwa huhama kina kifupi na kushuka maji marefu, na waliokomaa huzaa na kufa. Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza na takriban miezi saba, kuanzia Novemba 2004 hadi Juni 2005, na baadaye wakaja na vipindi vifupi zaidi. Kisiwa cha Rodrigues, sehemu ya Mauritius, mwaka 2012 kilifunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima kwa miezi miwili.

Kifo hicho cha pweza baada ya kuzaa kina utaratibu wake. Dume hupitisha mbegu kwa ncha ya mnyiri wa tatu wa kulia, mara nyingi akiwa ameunyoosha kutoka mbali, kwani jike mkubwa huweza kumla. Jike huingia shimoni, huziba mlango kwa mawe na kutundika mayai laki kadhaa darini, vishada kwa vishada. Kwa wiki tatu au nne huyapulizia maji na kuyasafisha, halili kitu. Yakianguliwa, naye hufa. Si njaa pekee inayomuua. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwaondolea pweza wa aina nyingine tezi mbili zilizo karibu na macho. Majike wakayaacha mayai, wakarudia kula na wakaishi zaidi. Kifo kilikuwa kinaamriwa na tezi.

Vitoto havibaki mwambani. Huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, pengine mbali sana, na wengi huliwa njiani. Ndiyo maana kijiji kikifunga peke yake hupata uzito, lakini hakina hakika ya kupata kizazi.

Penye kuharibika zaidi ni siku ya kufungua. Tarehe ipangwe iangukie bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), maana maji mafu (siku yanapopwa kidogo) hayaachi mwamba wazi. Miezi mitatu ni kama mabamvua sita. Mia ya watu wakiingia kwa pamoja, matumbawe husagwa chini ya miguu, na mawe yaliyopinduliwa yasiporudishwa, kilichokuwa kimejificha chini yake hukauka. Tembeeni kwenye mikondo ya mchanga. Bei nayo huanguka kabla ya adhuhuri iwapo mnunuzi na barafu havikuagizwa mapema. Na msipime mafanikio kwa kilo za siku hiyo moja: pimeni pweza mmojammoja kabla ya kufunga na baada ya kufungua, na muangalie pia miamba ya jirani, kwani huenda wavuvi walihamia huko miezi yote mitatu.

Shimo lililozibwa kwa mawe, ndani vishada vyeupe vinaning'inia, liachwe. Jike wa humo ameshakonda, nyama yake haina uzito wala ladha, na akitolewa tu, samaki huingia kula mayai.