Kamera ya Joto na Kiwele cha Ng'ombe: Maswali ya Wafugaji wa Maziwa Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa wafugaji wenye ng'ombe mmoja, wawili au watano, wa Mwera, Dole na Bambi, na wengine wa Wete na Chake Chake. Yalianza pale kijana mmoja alipoingia bandani na simu iliyochomekwa kamera ya joto, akampiga picha ng'ombe wa jirani yake. Kiwele kikatokea kwenye kioo kwa rangi za zambarau na manjano, na robo moja (kiwele kina robo nne, kila moja na chuchu yake) ikawaka kuliko wenzake. Waliokuwapo wakasema, "Ndiyo maradhi ya kiwele hayo." Picha ile haikusema hivyo, na ndiyo maana nimeona nijibu kwa urefu.

Kwani picha ile inasema nini?

Inasema kwamba ngozi ya pahala fulani ina joto zaidi kuliko ngozi iliyo karibu yake. Basi. Kila kitu chenye joto hutoa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua, pahala palipoonekana hapana mwanga, na kipimajoto kikapanda. Kamera huipokea miale hiyo na kuipa rangi. Ni jamaa wa kile kipimajoto mfano wa bastola tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona, ila kile kilisoma pahala pamoja tu, na hii husoma maelfu ya nukta kwa mara moja.

Vijidudu vikiingia kupitia tundu la chuchu, mwili huimiminia damu robo iliyoshambuliwa ili kupigana navyo. Damu ni ya moto, na ngozi ya kiwele ni nyembamba yenye nywele chache, kwa hiyo joto hutokeza nje.

Mkamaji mzoefu huona kwa macho na mikono. Ya nini kamera?

Maradhi ya kiwele yana sura mbili. Ya wazi kila mtu anayajua: robo imevimba na kuwa ngumu, ng'ombe anarusha teke ukimgusa, maziwa yanatoka na mabonge au majimaji, pengine na damu. Ya siri ndiyo yanayotula. Kiwele laini, maziwa meupe, ng'ombe anakula vizuri, lakini ndani ya robo chembechembe nyeupe za damu zimejaa. Wataalamu huanza kushuku zikipita 200,000 katika mililita moja ya maziwa. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa 400,000 kwa maziwa ya tangi yanayopelekwa kiwandani.

Mfugaji anachokiona ni ndoo kutojaa kama zamani. Analaumu majani makavu ya kaskazi, anaongeza pumba na mashudu ya nazi. Namkumbuka mama mmoja wa Dole aliyeongeza chakula karibu miezi miwili, akakopa na fedha, na kumbe tatizo lilikuwa robo moja ya nyuma kushoto. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa akikama kwa usafi kuliko wengi ninaowajua.

Basi kamera itayaona hayo ya siri?

Pengine itayaona, pengine yatapita. Maradhi yakiwa ya wazi, robo mgonjwa mara nyingi huizidi nzima kwa digrii moja, mbili au zaidi. Ya siri tofauti yake inaweza isifike hata digrii moja, ikamezwa na joto la hewa.

Liko na jambo la hatari zaidi. Yapo maradhi ya kiwele makali sana ambayo damu huacha kufika kwenye robo, nyama ikaanza kufa. Robo hiyo huwa baridi, na rangi yake ikaelekea ubuluu. Kwenye kamera itaonekana imetulia kuliko zote. Ukiona robo baridi yenye rangi hiyo, na ng'ombe amenyong'onyea, muite daktari wa mifugo saa ile ile, usingoje kesho.

Kamera hizi ndogo za simu zinaaminika?

Inategemea unaiuliza nini. Nyingi ya hizi za bei nafuu, watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba namba ya joto inaweza kukosea kwa digrii 2 juu au chini. Ukisoma 37 kwenye kioo, huenda ni 35, huenda ni 39. Ukitaka kumtangaza ng'ombe mgonjwa kwa namba hiyo, utamdhulumu.

Lakini kosa hilo huangukia picha nzima kwa karibu kiasi kimoja. Tofauti baina ya robo na robo ndani ya picha moja, kamera ile ile huipambanua vizuri, hata chini ya digrii moja. Kwa hiyo usilinganishe ng'ombe wako na wa jirani, wala picha ya leo na namba uliyoisoma mtandaoni. Linganisha kulia na kushoto kwa ng'ombe huyo huyo, nyuma kwa nyuma na mbele kwa mbele. Halafu weka picha zake za siku alizokuwa mzima, zikusaidie kujua umbo lake la kawaida. Wako ng'ombe ambao robo moja huwa na joto kidogo maisha yao yote na hawana lolote.

Nipige picha saa ngapi, na vipi?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakati mzuri ni baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya kukama. Hewa imepoa, jua halijapanda, na ng'ombe amelala usiku kucha bila kutembezwa. Huku kwetu mchana hewa yenyewe hufika digrii 30 na zaidi, ikawa karibu na joto la ngozi, na rangi za picha zinasogeleana hata hujui lipi ni lipi. Jua ni baya zaidi: mabaka meusi ya ng'ombe mwenye damu ya Friesian hunywa jua kuliko mabaka meupe, na picha ikaonyesha ramani ya mabaka badala ya kiwele.

Mtoe majani na kinyesi kikavu kwa mkono, kisha uache kidogo, maana hata kiganja chako huacha alama ya joto. Usioshe kwanza. Maji yanapokauka huipoza ngozi, na kiwele chote kitaonekana kizima. Simama nyuma yake kiasi cha mita moja, inama mpaka simu iwe usawa wa kiwele, uusogeze mkia. Kisha piga kutoka kila ubavu. Umbali na pembe ziwe zile zile kila siku.

Na ule mkunjo baina ya paja na kiwele daima ni wa moto, kwa sababu ngozi inagusana na ngozi. Usishtuke.

Miale hiyo haimdhuru ng'ombe mwenye mimba?

Haimdhuru. Kamera haitoi miale yoyote kumwelekea ng'ombe, inapokea tu joto linalotoka kwake mwenyewe.

Nimeona robo moja inawaka. Nifanye nini?

Picha imekuambia pahala pa kutazama, sasa tazama. Anza kwa mkono: papasa robo zote nne kwa upole, ukitafuta ugumu au uvimbe. Halafu kamia matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Juu ya weusi mabonge madogo huonekana waziwazi, na usiyamwage sakafuni, maana huko yatasubiri chuchu ya ng'ombe anayefuata.

Kisha fanya kipimo cha California, kinachotumika tangu 1957. Ni sahani yenye vibakuli vinne, kila robo na chake. Weka maziwa kidogo, tia dawa kiasi sawa na hayo maziwa, zungusha sekunde kumi. Yakibaki majimaji, robo haina maradhi. Yakiganda mfano wa uji mlaini au ute wa yai, chembechembe ni nyingi. Ukikosa dawa yake, sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 katika nusu lita ya maji, hufanya kazi inayokaribiana. Ila usipime siku za mwanzo baada ya kuzaa, maana dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, huganda hata ng'ombe akiwa mzima.

Kikionyesha maradhi, mwite mtaalamu wa mifugo. Nawasihi wenzangu, msinunue tyubu ya antibayotiki na kuisukuma kwenye chuchu kwa sababu ya rangi nyekundu kwenye simu. Kamera haijui ni kijidudu gani, na dawa isiyolenga huviacha vile sugu vikabaki. Robo mgonjwa ikamwe mwisho, na ng'ombe mwenye maradhi akamwe baada ya wenzake.

Zikiwaka zote nne?

Hapo shuku mwili mzima kabla ya kiwele. Mpime joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kawaida ni digrii 38 hadi 39.3. Inaweza kuwa ndigana kali inayoletwa na kupe, anaweza kuwa yuko kwenye joto la kutaka dume, au ametoka kuzaa na kiwele kimejaa.

Maziwa ya robo hiyo nikiyachemsha sana, watoto wanywe?

Hapana, na naomba hili lisichukuliwe kwa wepesi. Kuchemsha huua vijidudu, na maziwa yote lazima yachemshwe, hata ya ng'ombe mzima. Lakini bakteria wa stafilokoka, ambao ni miongoni mwa wanaoleta maradhi haya, hutoa sumu ndani ya maziwa, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Mtoto akiinywa hutapika na kuharisha. Mabaki ya antibayotiki nayo hayatoki kwa kuchemsha. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zihesabiwe zote, wala maziwa hayo yasichanganywe na ya kuuza. Watu wananunua kwa kukuamini.

Mbona ng'ombe wetu wa asili hawakuwa na mambo haya?

Walikuwa nayo, ila kidogo. Wa asili hutoa lita chache, na ndama wake humalizia yanayobaki. Hawa chotara wa Friesian na Jersey walipata nafasi ya kuenea Unguja baada ya mbung'o kumalizwa kwa njia ya kuachia mbung'o madume waliofanywa tasa, kazi iliyokamilika mwaka 1997. Kiwele kikubwa kinachokamwa mara mbili kwa siku kina kazi nzito, na chuchu huchukua karibu nusu saa kufunga tundu lake baada ya kukamwa. Mpe majani mara tu ukimaliza, asilale kwenye tope la masika wakati tundu hilo liko wazi.

Je, ninunue kamera?

Mwenye ng'ombe wawili, hapana. Nunua sahani ya vibakuli vinne, dawa ya kuchovyea chuchu na kitambaa kimoja kwa kila ng'ombe. Kikundi cha wafugaji ishirini wanaoweza kuchangia moja na kumfunza kijana mmoja kuitumia, hilo nitaliunga mkono. Wenye mashine za kukamia wana sababu zaidi: picha za chuchu kabla na baada ya kukama huonyesha kama mashine inavuta kupita kiasi.

Wangu hasimami akiona simu.

Siku tatu za mwanzo usipige picha. Mtilie majani horini, simama nyuma yake na simu mkononi mpaka akuzoee, kisha ondoka.