Je, wajua mbio za watu 127 zilivyofikia watu elfu hamsini?

Tarehe 13 Septemba 1970, watu 127 walijitokeza kukimbia marathoni ndani ya bustani ya Central Park, New York. Kiingilio kilikuwa dola moja. Waliomaliza walikuwa 55 tu. Mshindi alikuwa mzimamoto, Gary Muhrcke, na nafasi ya 45 ilichukuliwa na mmoja wa waandaaji wenyewe, Fred Lebow, aliyetumia zaidi ya saa nne. Mwaka 2019 mbio hizohizo zilimalizwa na watu 53,627. Iliwezekanaje?

Mimi naamini jibu limo katika ile nafasi ya 45. Lebow, mzaliwa wa Arad, Romania, alikuwa mtu wa biashara ya nguo, wala hakuwa bingwa wa riadha. Watu wa mkiani aliwajua kwa kuwa alikimbia nao. Alipokuwa rais wa New York Road Runners, chama kinachoandaa mbio hizo, mwaka 1972, alianza kumthamini mkimbiaji ambaye riadha ya siku hizo ilimsahau. Huyu ndiye anayelipa kiingilio, ndiye anayewatoa ndugu na majirani nyumbani waje kushangilia kando ya barabara, na umati huo ndio unaomvuta mdhamini.

Mwaka 1976 mbio zilitolewa bustanini zikapitishwa sehemu zote tano za jiji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Hapo ndipo kazi ya mkurugenzi wa mbio inapoonekana ilivyo. Siku ya mbio ni moja. Miezi yote iliyobaki ni ya kubisha hodi ofisini kwa watu. Unawaomba viongozi wa jiji, unawaomba polisi wafunge barabara na madaraja, unawatafuta wenye fedha. Familia ya Rudin, matajiri wa majengo, ilitoa dola 25,000, na safari ikaanza.

Kisha kuna kipimo cha njia, na hapa kosa dogo huumiza. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, ikatangazwa rekodi ya dunia. Baadaye njia ilipopimwa upya, ilionekana imepungua kwa takriban mita 150. Rekodi ikapotea, ingawa mkimbiaji hakukosea lolote. Njia hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko. Mpimaji huendesha kwanza kwenye umbali anaoujua kwa hakika, kisha hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Mwisho huongezwa mita moja kwa kila mita 1,000, ili njia isije ikapungua. Ndiyo maana marathoni iliyopimwa vizuri huzidi kidogo urefu wake rasmi wa mita 42,195.

Wengi hudhani jambo gumu ni kuwaanzisha watu wote hao. Kuwapokea ni kugumu zaidi. Kabla ya vifaa vya kielektroniki, waliomaliza walipangwa foleni katikati ya kamba ili namba zao ziandikwe kwa mfuatano. Foleni ikikwama, watu waliochoka hujikuta wamesimama kwenye mstari wa kumalizia. Siku hizi kila mmoja hubeba kifaa kidogo kinachoanza kumhesabia muda anapokanyaga mkeka wa kuanzia. Kwa hiyo New York, tangu 2008, huwaachia watu kwa makundi, na anayeondoka saa moja baada ya wenzake hapunjwi hata sekunde.

Mabingwa nao walikuja. Grete Waitz wa Norway alialikwa mwaka 1978 ili tu awe “sungura”, yaani mkimbiaji wa kuwavuta wenzake kwa kasi mwanzoni. Akashinda kwa rekodi ya dunia, na akarudi kushinda mara nyingine nane. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile kwa wakati huo.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1992. Lebow, akiwa ameugua saratani ya ubongo, aliikimbia kwa mara ya kwanza ile njia ya sehemu tano, Waitz akiwa ubavuni mwake mwendo wote. Walimaliza kwa saa tano na nusu na ushei, nyuma kabisa ya washindi.

Alifariki Oktoba 1994. Mwezi uliofuata Tegla Loroupe wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda New York. Naye baadaye akageuka mwandaaji: aliunda taasisi yake ya amani mwaka 2003, na mwaka 2006 wapiganaji 2,000 wa makabila sita, ambayo yalizoea kuporana mifugo kwa bunduki, walikutana Kapenguria, Kenya, kukimbia pamoja.