Hiyo asilimia ya maji inakaa kijiji gani?

Nilikuwa kwenye mkutano wa hadhara huku Uyui, si mbali na Tabora mjini. Kiongozi alisimama chini ya mwembe, akataja asilimia ya wananchi wanaopata maji safi, watu wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akaninong'oneza: "Mwanangu, hiyo asilimia inakaa kijiji gani?"

Mimi ni mtakwimu, asilimia ndizo zinazonilisha, na bado sikuwa na jibu. Namba ilikuja peke yake: haikusemwa imetoka wapi, ni ya lini, wala imepigwaje.

Mara nyingi huku vijijini hupigwa hivi. Kwa Sera ya Maji ya mwaka 2002, kilula kimoja, yaani kituo cha umma cha kuchotea maji, kilitakiwa kihudumie watu 250, wasiotembea zaidi ya mita 400. Basi unahesabu vilula vinavyotoa maji, unazidisha kwa 250, unagawa kwa idadi ya watu. Ni hesabu halali, tena rahisi, maana hupigi hodi nyumba hata moja. Ila inapima vilula vingeweza kuhudumia watu wangapi. Nani amechota kweli, haijui. Vilula viwili vikijengwa jirani pale sokoni vinaandikiwa watu 500, hata kama wa kitongoji cha mwisho bado wanainama kwenye kisima cha kienyeji. Njia nyingine ni kuiuliza kaya yenyewe inachota wapi, kama zinavyofanya sensa na tafiti za kaya. Kijiji kilekile kinaweza kupata majibu mawili yanayopishana sana, na asiwepo aliyedanganya.

Halafu kuna asili, ile namba ya chini tunayogawia. Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa wa Tabora una watu 2,291,623; ya 2022 ikakuta 3,391,679. Hilo ni ongezeko la asilimia 48, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Sasa chukua vilula vinavyotosha nusu ya watu wa 2022, uvigawie watu wa 2012: utatangaza karibu robo tatu. Hujaongeza hata koki moja.

Kuhoji namba kama hizo kuliwahi kuwa na hatari. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopinga zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na katazo hilo likaondolewa. Ruhusa ya kuhoji ni jambo jema, lakini utahoji nini kama hujaonyeshwa hesabu?

Uingereza wana mamlaka ya takwimu inayosimamia jambo hili, nayo haiogopi vyeo. Septemba 2017 mwenyekiti wake alimwandikia barua ya wazi Boris Johnson, waziri wa mambo ya nje wakati huo, kuhusu zile pauni milioni 350 kwa wiki zilizodaiwa kwenda Umoja wa Ulaya, akimwambia anaitumia takwimu vibaya. Barua haikumfunga mtu. Ila kila raia aliweza kuisoma.

Kwetu mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi: ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ule wa mapato na matumizi. Asilimia ikitajwa mkutanoni, orodha yake ibandikwe pale siku hiyohiyo: kila kilula, kitongoji chake, kinatoa au hakitoi, idadi ya watu iliyotumika, na tarehe ya kuhesabu.

Tarehe nimeiongeza baadaye. Baada ya mkutano nilimwomba mtendaji orodha, naye, Mungu ambariki, akanipa bila kuniuliza natumwa na nani. Kilula cha kitongoji cha yule bibi kimo, kimeandikwa kinatoa maji. Nilipomwambia, bibi hakubisha. "Kinatoa," akasema, "mpaka Juni."

Orodha ilijazwa mwezi wa Machi.