Orodha nyeusi ya Hollywood, na yaliyomkuta Paul Robeson

Orodha nyeusi ni utaratibu wa kumnyima mtu kazi katika fani nzima kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, bila mahakama kumtia hatiani na mara nyingi bila yeye kuambiwa lolote. Simu zinaacha kuita. Mkataba uliokuwa njiani haufiki. Ukumbi uliokuwa wazi jana, leo umeshapangishwa.

Orodha iliyovuma zaidi ni ya Hollywood. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti iliwaita watu wa filamu kuwahoji. Kumi waligoma kujibu, wakashtakiwa kwa kulidharau Bunge. Novemba mwaka huohuo wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kuwa kumi hao hawana kazi tena na kwamba hawatamwajiri mkomunisti kwa kujua. Ukiwauliza kama kuna orodha, walikana. Upande wa redio na televisheni mambo yalikuwa wazi zaidi: Juni 1950 kilitoka kijitabu kiitwacho Red Channels, chenye majina 151. Mdhamini wa kipindi hakuhitaji ushahidi. Anauza sabuni, hataki barua za malalamiko, basi msanii anaachwa.

Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni waigizaji. Mwandishi aliweza kujificha: Dalton Trumbo, mmoja wa wale kumi, aliandika kwa majina ya bandia, na hadithi aliyoiandika kwa jina la Robert Rich ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1957. Mwigizaji atajifichaje, na sura yake ndiyo anayoiuza? Jukwaa la Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia New York, lilikuwa na nafuu kidogo kwa kuwa fedha zake hutoka kwa mnunuzi wa tiketi, si kwa mdhamini.

Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, hakuipata hata nafuu hiyo. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898, baba yake akiwa mchungaji aliyetoroka utumwani. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, akaiacha kwa ajili ya jukwaa. London alicheza Othello, jemadari mweusi katika tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1930; akiwa hukohuko alijifunza Kiswahili, na katika filamu ya Sanders of the River ya 1935, ambayo baadaye aliikana kwa jinsi ilivyousifu ukoloni, Jomo Kenyatta alionekana miongoni mwa waigizaji wadogo. Mwaka 1943 aliipeleka Othello Broadway. Ilichezwa mara 296, rekodi kwa tamthilia ya Shakespeare pale, na Desdemona, mke wa Othello katika tamthilia hiyo, alichezwa na mwigizaji mzungu, Uta Hagen, jambo ambalo Marekani ya wakati ule haikuwa imelizoea.

Hollywood yenyewe alikuwa ameshaipa kisogo mwaka 1942, amechoshwa na nafasi za kudhalilisha walizopewa weusi. Kwa hiyo orodha nyeusi haikumnyang'anya filamu. Ilimnyang'anya vilivyobaki: matamasha, redio, televisheni, hata maduka ya sahani za santuri. Aliutetea Umoja wa Kisovieti hadharani, na hilo wengi hawakumsamehe. Pato lake, lililokuwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, lilishuka hadi elfu chache.

Baadhi ya wenzake walioandamwa waliweza kwenda Ulaya kutafuta riziki. Yeye serikali ilimfutia pasipoti mwaka 1950. Mwaka 1952 alizuiwa hata kuvuka kuingia Kanada, safari ambayo Mmarekani hakuihitajia pasipoti. Mei mwaka huo akapanda juu ya lori lililoegeshwa mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu ya watu waliojaa pande zote mbili. Mei 1957 wapenzi wake wa London walikodi laini ya simu kwenye kebo mpya ya chini ya Atlantiki: yeye akaimba kutoka studio New York, wao wakamsikiliza kwa vipaza sauti katika ukumbi wa St Pancras.

Mbele ya kamati ileile ya Bunge, mwaka 1956, aliulizwa kwa nini asihamie Urusi. Alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, naye haendi popote.

Pasipoti aliipata mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent kwamba serikali haiwezi kumnyima raia pasipoti kwa imani yake. Mwaka uliofuata akacheza Othello Stratford, Uingereza, akiwa na miaka 61. Hukumu ile, hata hivyo, ilihusu kusafiri tu. Hakuna mahakama iliyoviamuru vituo vya televisheni vimwite, na hadi anafariki Philadelphia mwaka 1976 hakuonekana tena katika filamu ya Hollywood.