Rauta Inawaka Lakini Intaneti Haipo: Tafuta Palipokatika Kabla ya Kubonyeza Chochote

Simu wanazopokea mafundi wa mtandao nyakati za jioni hufanana sana. Mteja anaeleza kuwa intaneti ilikuwa ikifanya kazi vizuri hadi mchana, kwamba rauta inawaka na simu yake inaonyesha alama ya Wi-Fi iliyojaa, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Kisha anaongeza maneno ambayo hatupendi kuyasikia: ameshaingiza sindano kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma na kukibonyeza hadi taa zote zikazimika. Kuanzia hapo matatizo yanakuwa mawili. Lile la awali huenda lingeondoka lenyewe baada ya saa moja, lakini la pili halitaondoka mpaka mtu aingize upya mipangilio yote ambayo fundi aliiweka siku ya kufunga huduma.

Kitundu hicho hakiwashi rauta upya, bali huirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Jina la Wi-Fi na nywila uliyoizoea hufutika, na kwa wateja wengi wa faiba hufutika pia jina la mtumiaji na nywila ambazo rauta huzitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Bila vitambulisho hivyo mtambo wa mtoa huduma hauitambui rauta yako, hata kama kebo zote ni nzima. Ndiyo maana ushauri wetu kwa kila kaya ni kuanza kwa kutafuta ni sehemu gani ya njia iliyokatika, kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika chache na haihitaji kifaa chochote zaidi ya simu na macho.

Data inayotoka kwenye simu yako hupita kwanza hewani hadi kwenye rauta, kisha hutoka kwenye rauta kupitia faiba au mnara wa simu hadi kwa mtoa huduma, halafu kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye mikongo ya kimataifa, na mwisho hufika kwenye seva ya tovuti au programu unayoitumia. Alama ya Wi-Fi inayoonekana juu ya kioo cha simu inazungumzia sehemu ya kwanza peke yake. Inaweza kujaa kabisa huku faiba ikiwa imekatwa na lori mtaa wa pili, kwa sababu simu na rauta bado zinasikilizana vizuri ndani ya nyumba.

Jambo la kwanza la kuuliza, basi, ni nani aliyeathirika. Ikiwa simu yako peke yake haina intaneti huku ya mwenzako iliyounganishwa kwenye rauta hiyohiyo inafanya kazi, acha rauta ilivyo na uchunguze simu. Washa na kuzima hali ya ndege, ondoa VPN kama ipo (programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza), hakikisha tarehe na saa ni sahihi kwa kuwa tovuti salama hukataa kufunguka kwenye kifaa chenye tarehe isiyo sahihi, kisha ufute mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi na kuunganisha upya. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 kuna pia mpangilio wa DNS ya faragha; DNS ni huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Mtu akiwa ameweka humo jina la seva ambayo haijibu tena, simu hiyo itakosa intaneti wakati nyumba nzima inaendelea kutazama video.

Uliza pia ni huduma gani iliyokosekana. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita kutokana na hitilafu iliyotokea ndani ya mtandao wa kampuni inayozimiliki. Kwa mtu ambaye intaneti kwake ni WhatsApp, ilionekana kana kwamba rauta imekufa, ilhali tovuti nyingine zilikuwa zikifunguka. Kwa hiyo jaribu tovuti mbili au tatu zisizohusiana kabla ya kuhitimisha kuwa huna intaneti.

Vifaa vyote vikiwa vimekosa huduma, geukia taa.

Wateja wengi hutuambia kuwa "taa zinawaka", na hilo halitusaidii, kwa sababu kinachoeleza hali ni taa ipi, ya rangi gani, na kama imetulia au inapepesa. Kwenye kifaa cha faiba tazama taa mbili, ile yenye maandishi PON na ile yenye maandishi LOS. Katika vifaa vingi, PON ikiwa ya kijani na imetulia maana yake kifaa kimepokea mwanga kutoka kwa mtoa huduma na kimesajiliwa kwenye mtambo wake. PON ikipepesa bila kutulia kwa dakika kadhaa, mwanga unafika lakini usajili haujakamilika, na mara nyingi hilo ni la kushughulikiwa na mtoa huduma. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa au unafika ukiwa dhaifu mno, na hapo hakuna mpangilio wowote wa rauta utakaosaidia. Kebo imekatika, imechomoka au imebanwa mahali fulani kati ya nyumba yako na mtambo.

Unaweza kukagua sehemu ya kebo iliyomo ndani ya nyumba. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba sana, na ukikunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, ukikandamizwa na mguu wa meza au ukitafunwa na panya, mwanga huvuja au hukatika. Nyoosha mikunjo taratibu na uhakikishe kichwa cha plagi kimeingia mpaka mwisho. Usikichomoe ili kukifuta kwa kidole au shati, kwani chembe ya vumbi au mafuta ya ngozi inatosha kuziba njia ya mwanga. Zaidi ya yote usichungulie ndani ya ncha ya kebo: mwanga wa leza unaopita humo hauonekani kwa macho, na kutoona kitu si dalili kwamba hakuna kitu. Waonye na watoto.

Fundi akija atapima nguvu ya mwanga, na vifaa vingi huonyesha kipimo hicho kwenye ukurasa wao wa mipangilio. Katika mitandao ya faiba ya GPON, ambayo ndiyo aina inayotumika sana majumbani, kipimo cha karibu na -20 dBm ni kizuri, na kikishuka hadi -27 au -28 kifaa huanza kupoteza mawasiliano. Mteja anayepata intaneti asubuhi na kuikosa kila mvua inaponyesha anastahili kuomba apimiwe mwanga, kwa kuwa maji yaliyoingia kwenye kiungio nguzoni huleta tabia hiyohiyo, na kuwasha na kuzima rauta hakuwezi kukausha kiungio.

Ikiwa LOS imezimika na PON imetulia lakini bado hakuna intaneti, hapo ndipo inafaa kuwasha vifaa upya, na kuna utaratibu wake. Chomoa umeme wa kifaa cha faiba pamoja na rauta kama ni vifaa viwili tofauti, subiri dakika moja, washa kifaa cha faiba kwanza na ungoje PON itulie, ndipo uwashe rauta na kuipa dakika tano. Usirudie kila baada ya nusu dakika. Baadhi ya mitambo ya watoa huduma hubaki ikiamini kuwa rauta yako ingali imeingia, na hukataa kuipokea tena mpaka kumbukumbu ya awali ifutike, kwa hiyo kuiwasha mara kwa mara kunaweza kurefusha kungoja kwako. Usishangae pia jina la Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz likichelewa kutokea, kwani kwenye baadhi ya chaneli rauta inalazimika kusikiliza kwanza, kwa dakika moja au zaidi, kama kuna rada inayotumia masafa hayo.

Ikishindikana, fungua ukurasa wa mipangilio kwa kuandika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya rauta, ambayo aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta sehemu iliyoandikwa WAN, yaani upande wa rauta unaoelekea kwa mtoa huduma. Anwani ya hapo ikiwa 0.0.0.0, rauta haijapokelewa na mtoa huduma, na unahitaji kumpigia. Ikiwa kuna anwani kamili, rauta imeunganishwa na tatizo liko kwingine, pengine kwenye DNS. Andika 1.1.1.1 kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka wakati majina ya kawaida hayafunguki, njia ni nzima na kilichokwama ni DNS peke yake. Unaweza kuibadilisha kwenye rauta na kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kagua pia kama kulikuwa na namba usiyoitambua, kwa sababu wahalifu huvamia rauta zenye nywila dhaifu na kubadilisha DNS ili wawapeleke watu kwenye tovuti bandia. Ukikuta hivyo, badilisha nywila ya kuingilia kwenye rauta siku hiyohiyo.

Kuna hitilafu moja ambayo imekuwa ikiongezeka kadiri watu wanavyonunua rauta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Rauta hiyo ikiunganishwa kwa kebo bila kuzimwa uwezo wake wa kugawa anwani (namba inayotambulisha kila kifaa nyumbani), nyumba inakuwa na wagawaji wawili, na mara nyingi wote wana anwani ileile ya 192.168.1.1. Baadhi ya simu hupewa njia sahihi na nyingine huelekezwa kwenye rauta isiyo na intaneti, kisha kesho yake zinabadilishana. Familia hudhani ni uchawi wa simu fulani. Chomoa rauta ya pili kwa saa chache. Kila kitu kikitengemaa, umepata chanzo, na fundi anaweza kuirekebisha kwa muda mfupi.

Adapta ya umeme nayo husahauliwa, ingawa katika maeneo yenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuchoka. Adapta iliyochoka huweza kuwasha taa zote, lakini watu wanne wakianza kutazama video kwa pamoja rauta inazimika na kujiwasha yenyewe. Ukinunua nyingine, volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye rauta, ampea ziwe sawa au zaidi, na mpangilio wa chanya na hasi kwenye kichwa cha plagi uwe uleule. Adapta ya volti 9 haifai kwa rauta ya volti 12 hata kama plagi inaingia vizuri. Wakati wa radi, chomoa. Faiba haipitishi umeme, lakini waya wa adapta unapitisha.

Kwa wanaotumia rauta ya laini ya simu, anza na kifurushi. Ujumbe wa kukujulisha kuwa kifurushi kinakaribia kuisha hutumwa kwenye namba ya laini iliyomo ndani ya rauta, na rauta nyingi huuhifadhi kwenye sanduku la ujumbe ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulifungua. Lipo kwenye ukurasa uleule wa mipangilio. Kifurushi kikiwa hai, sogeza rauta karibu na dirisha linaloelekea mnara na utazame kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani: kati ya -80 na -90 dBm ni kizuri, chini ya -110 ni dhaifu. Kuta nene, mabati na vioo vyenye rangi hupunguza mawimbi kuliko watu wanavyodhani.

Wakati mwingine hakuna unachoweza kufanya nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa jirani. Dalili ya tukio la aina hiyo ni kwamba PON imetulia, WAN ina anwani kamili, na baadhi ya tovuti hufunguka huku nyingine zikisuasua, na majirani wenye watoa huduma tofauti wanalalamika jambo lilelile. Ukiona hivyo, iache rauta.

Unapompigia mtoa huduma, mweleze saa tatizo lilipoanza, rangi na hali ya PON na LOS, anwani uliyoikuta kwenye WAN, na kama umeshawasha vifaa upya. Maelezo hayo humwezesha mpokeaji wa simu kukupeleka moja kwa moja kwa kikosi cha nje badala ya kukurudisha kwenye maswali ya mwanzo. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike. Usipopata ufumbuzi, nchini Tanzania unaweza kuyafikisha malalamiko hayo TCRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, na nchini Kenya kwenye Mamlaka ya Mawasiliano, na kote kuwili utaulizwa kwanza uthibitisho kuwa ulianza kwa mtoa huduma wako. Fundi akifika nyumbani, mwombe akuandikie jina la mtumiaji na nywila ya kuunganishia huduma, uzihifadhi mahali pa siri pamoja na namba yako ya akaunti, kisha ubandike kipande cha plasta juu ya kile kitundu cha nyuma.